Kompyuta ya mtoto ikipigwa shoti, waranti inalipa nini?

Chukua mfano wa mama mmoja wa Tabata, jijini Dar es Salaam. Kikoba chao kilipovunjwa, hakununua sofa wala kitenge. Fedha yote aliipeleka dukani na kumnunulia binti yake kompyuta mpakato mpya, ya kwanza katika ukoo wao. Binti yupo mwaka wa tatu chuoni, na wiki mbili zijazo anatakiwa kukabidhi ripoti yake ya utafiti.

Usiku mmoja umeme unakatika, unarudi, kisha unakatika tena. Asubuhi kompyuta haiwaki. Binti anabonyeza kitufe cha kuwashia, anachomoa chaji, anachomeka, anabonyeza tena. Kimya.

“Mama, nimeikuta tu hivi. Nadhani ni umeme wa jana.”

Mama anafungua droo na kutoa karatasi ya waranti. Ni ya miezi 12, na bado imebaki minne. Anashusha pumzi. Saa nne asubuhi yuko dukani.

“Shikamoo mama,” kijana wa kaunta anamsalimu.

“Marahaba mwanangu. Mashine yenu hii imegoma kuwaka.”

Kijana anaichomeka, anasubiri, kisha anaikaribisha puani na kunusa. “Mama, hii imepigwa shoti. Shoti haiko kwenye waranti.”

Ni kauli inayosikika kwenye kaunta nyingi, na wazazi wengi wakishaisikia hukunja karatasi yao, wakabeba mashine na kwenda nayo kwa fundi wa mtaani. Wengine wanakuwa wamekubali hasara ambayo si yao. Wengine wanaondoka wakiamini wamedhulumiwa, kumbe hawakudhulumiwa. Ukweli ni kwamba jibu la kijana yule ni nusu tu. Shoti nyingine zimo kwenye waranti, nyingine hazimo, na tofauti yake kila mzazi anaweza kuielewa.

Waranti si bima

Waranti ya mtengenezaji ni ahadi moja tu: kwamba mashine ilitoka kiwandani ikiwa nzima. Ikionekana ndani ya muda uliotajwa kwamba kifaa kilikuwa na kasoro ya malighafi au ya uundaji, mtengenezaji ataitengeneza au kuibadilisha bila malipo. Kwa kompyuta nyingi za matumizi ya nyumbani muda huo ni mwaka mmoja. Betri nayo mara nyingi huwekewa mwaka mmoja, hata pale mashine yenyewe inapopewa miaka mitatu.

Waranti haiahidi kulipia yaliyoikuta mashine baada ya kufika nyumbani kwako. Ikianguka, ikimwagikiwa maji au ikikaliwa na mtoto kitandani, hilo halimhusu aliyeiunda. Vivyo hivyo umeme unaozidi ghafla. Lenovo, kwa mfano, inataja waziwazi katika masharti yake kwamba madhara ya umeme kuzidi hayamo kwenye waranti ya kawaida. Apple nayo inaondoa madhara ya kimiminika na ya sababu nyingine zinazotoka nje ya mashine.

Wanaolipia ajali za namna hiyo ni wengine: bima, au ule mpango wa ziada ambao kampuni kama Dell, HP na Lenovo huuza kando kwa ajili ya kuanguka, kumwagikiwa na kuunguzwa na umeme. Mpango huo hulipiwa peke yake, na kabla ya kuulipia uliza kama unafanya kazi hapa nchini na ni duka gani litakalokuhudumia.

Kuna pia waranti ya muuza duka mwenyewe. Hii ndiyo huandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti: “miezi 3”, “mwezi 1”. Mashine zilizotumika zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya, ambazo wazazi wengi hununua kwa sababu ya bei, mara nyingi zina waranti ya aina hii tu. Anayekuahidi hapo ni mwenye duka, si mtengenezaji. Kwa hiyo maneno yake ya mdomo hayatoshi. Mwambie aandike.

Shoti zote si moja

Shoti ni umeme kupita mahali usipotakiwa kupita. Nyaya mbili zilizotakiwa kutengana zinagusana, au kitu fulani kinaziunganisha, umeme unakimbia kwa njia ya mkato na kuunguza unachokikuta. Kwa hiyo neno “shoti” linaeleza kilichotokea, lakini halielezi kilichosababisha. Ni sawa na daktari kukwambia mtoto ana homa. Swali linalofuata ni homa ya nini.

Ndani ya kompyuta, shoti huanzia sehemu kuu tano.

Ya kwanza ni mashine yenyewe. Kwenye mazabodi kuna vipande vidogo sana, vingine kama punje ya mchele au chini ya hapo, vinavyotunza na kupima umeme. Kimoja kikiwa na kasoro, kinaweza kufa na kupitisha umeme moja kwa moja. Hakuna aliyemwaga kitu, hakuna aliyeangusha. Hii ni kasoro ya kiwandani, na ikiwa muda haujaisha, waranti inatakiwa kulipa. Hali ni hiyohiyo kwa adapta halisi iliyokuja na mashine ikifa yenyewe.

Ya pili ni umeme wa nyumbani. Umeme wetu ni volti 230. Geuza adapta ya kompyuta usome maandishi madogo, nyingi zimeandikwa kwamba zinapokea volti 100 hadi 240 na kutoa volti 19 au 20 hivi. Ndiyo maana umeme mdogo unaofifisha taa hausumbui sana kompyuta. Hatari ni umeme kuzidi. Radi ikipiga jirani na nguzo, au waya wa njuti ukikatika kwenye laini, umeme wa nyumba moja unaweza kupanda hadi kukaribia volti 400. Hapo mara nyingi adapta ndiyo huumia kwanza. Shoti hii kwa kawaida haimo kwenye waranti.

Ya tatu ni kimiminika. Chai, soda, maji, uji wa mdogo wake. Soda na juisi ni mbaya zaidi, kwa sababu zikikauka zinaacha sukari na asidi, na hizo zinaendelea kula madini ya mazabodi kimyakimya. Mashine inaweza kuendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Waranti ya kawaida hailipii.

Ya nne ni wadudu na vumbi. Mende na sisimizi hupenda joto la vifaa vya umeme, na mdudu mmoja akifia mahali pabaya anatosha kuunganisha njia mbili. Kwa miji ya pwani, ongeza unyevu na chumvi ya hewani inayoleta kutu.

Ya tano ni chaji isiyo yake. Chaji ya bandia, au ya mashine nyingine yenye tundu linalofanana, inaweza kuleta volti zisizolingana na mashine. Mtengenezaji akigundua hilo, ana haki ya kukataa.

Kwa hiyo ukiambiwa “imepigwa shoti”, swali la kumuuliza kijana wa kaunta ni hili: shoti ilianzia wapi?

Omba jibu kwa maandishi

Turudi kwa mama wa Tabata. Hakugomba, wala hakuondoka.

“Sawa mwanangu, inawezekana ni shoti. Lakini naomba ifike kwa mafundi wenu wanaotambuliwa na kampuni, waifungue, waniandikie imeungua wapi na kwa sababu gani. Nikipata karatasi hiyo nitajua la kufanya.”

Ombi hilo dogo ndilo linalobadilisha mambo. Fundi aliyeidhinishwa akifungua mashine anaona kisichoonekana kaunta. Kama umeme ulizidi, mara nyingi adapta au njia ya kuingizia umeme itakuwa na alama za kuungua. Kama ni kimiminika, kutakuwa na kutu, madoa au mabaki yanayonata, na baadhi ya mashine zina vistika vidogo ndani vinavyobadilika rangi vikiguswa na maji. Kama adapta ni nzima, hakuna doa wala kutu, na kipande kimoja tu kimekufa, dalili zinaelekea kwenye kasoro ya kiwandani.

Ukiacha mashine dukani, usiondoke mikono mitupu. Dai karatasi ya mapokezi yenye tarehe, jina la mashine, namba yake ya utambulisho iliyo chini ya mashine au kwenye boksi, tatizo ulilolieleza, na vitu ulivyoacha, ikiwemo adapta. Piga picha mashine pande zote. Uliza kama uchunguzi una gharama endapo waranti itakataliwa, maana vituo vingine hutoza.

Na jambo la muhimu kuliko yote: usipitie kwanza kwa fundi wa mtaani. Anaweza kuwa hodari kweli, pengine hodari kuliko wa kituo. Lakini mashine ikishafunguliwa na asiyeidhinishwa, mtengenezaji anapata sababu ya kusema huyo ndiye aliyeiharibu, na hata kasoro halisi ya kiwandani itakuwa vigumu kuithibitisha. Fundi wa mtaani zamu yake ni baada ya waranti kukataa, si kabla.

Kilichokuwa chini ya kibodi

Siku ya nne mama anapigiwa simu. Karatasi ya fundi inasema adapta ni nzima. Mazabodi imeungua upande wa chini ya kibodi, kuna kutu na mabaki ya kimiminika chenye sukari. Madai yamekataliwa.

Jioni anaiweka karatasi mezani. Binti anaisoma, kisha analia.

“Mama, nisamehe. Jumapili nilimwaga soda kidogo. Nikafuta na kanga, nikaona inawaka, nikajua imepona.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulisema nikiiharibu hii nisikutafute.”

Mama anakumbuka. Alisema kweli. Alisema siku ile ile ya kuinunua, akiwa bado ameshika risiti mkononi, kwa sababu alijua fedha ile imetoka wapi. Wazazi wengi wamewahi kusema hivyo, kuhusu simu, kuhusu runinga, kuhusu sare mpya. Nia ni kumfanya mtoto atunze kitu. Mara nyingi anachojifunza ni kuficha.

Kwa kompyuta iliyomwagikiwa, kuficha ndiko kunakoua. Soda ile ya Jumapili haikuwa lazima iue mashine. Ingezimwa palepale, betri ikatenganishwa na fundi akaisafisha kabla ya kuwashwa tena, ingekuwepo nafasi nzuri ya kupona. Siku za kuwashwa na kuchajiwa ikiwa na sukari ndani ndizo zilizoimaliza. Umeme wa usiku ule ulikatika na kurudi tu, ukabebeshwa lawama isiyo yake.

Yapo pia madhara upande wa pili. Mzazi asiyejua ukweli anakwenda kuapa mbele ya kaunta kwa jambo ambalo fundi ataliona kwa macho. Siku nyingine atakapokuwa na haki ya kweli, maneno yake yatakuwa mepesi.

Saa ya kwanza ndiyo inayookoa

Mfundishe mtoto hatua hizi kabla ajali haijatokea, na mwambie wazi kwamba akizifuata hatapigiwa kelele.

Kikimwagika kitu, au kukitokea harufu ya kuungua, zima soketi ukutani kwanza, ndipo uchomoe chaji. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi hadi mashine izime kabisa. Geuza mashine kichwa chini ili kimiminika kitoke, usikiache kizame. Kama betri ni ya kutoa, itoe. Mashine nyingi za sasa betri imo ndani, maana yake umeme bado upo hata chaji ikichomolewa, hivyo fundi anahitajika haraka.

Usijaribu kuiwasha “kuona kama imepona”. Usiiweke juani, usiipulize kwa joto la kukaushia nywele, usiifukie kwenye mchele. Mchele hauondoi sukari. Kama betri imevimba, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, kwa sababu inaweza kushika moto.

Kisha mtoto aseme alichokiona: saa ngapi, nini kilimwagika, taa gani iliwaka. Maelezo hayo ni dawa kwa fundi.

Kazi ya mtoto haimo kwenye waranti

Hata pale waranti inapolipa kila kitu, haimrudishii mtoto alichoandika. Kituo kinaweza kubadilisha mashine nzima, au kufuta kila kilichomo wakati wa matengenezo, na masharti yanawaruhusu. Kwa hiyo kabla ya kuacha mashine, uliza kama faili zinaweza kutolewa.

Habari njema ni kwamba mazabodi kuungua hakumaanishi sehemu ya kuhifadhia faili imekufa. Katika mashine nyingi sehemu hiyo ni kipande kinachojitegemea, kinaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Katika baadhi ya mashine nyembamba kimeunganishwa moja kwa moja na mazabodi, na hapo kazi ni ngumu. Baadhi ya mashine pia hufunga faili kwa ufunguo maalumu, hivyo mtoto asipoteze akaunti na nywila aliyofungulia mashine siku ya kwanza.

Njia rahisi kuliko zote ni nakala. Kila Ijumaa mtoto ajitumie ripoti kwa barua pepe au aihifadhi kwenye flashi inayokaa kwa mama. Dakika tano za Ijumaa zinaweza kuokoa muhula mzima.

Wakikataa bila sababu

Ikiwa karatasi ya fundi haionyeshi kimiminika, umeme kuzidi wala kufunguliwa, lakini duka bado linakataa, usikate tamaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya udanganyifu wa kibiashara, na inaweka masharti yanayohesabika yamo katika mauzo hata kama hakuna aliyeyaandika, kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili na ifae kwa kazi yake. Andikia duka barua fupi, ambatanisha risiti na ripoti, baki na nakala. Wasipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Kwa Zanzibar, kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Kama ripoti inasema umeme ulizidi, tazama upande mwingine. Je, majirani nao waliunguliwa vifaa usiku uleule? Toeni taarifa TANESCO mapema, chukueni namba ya taarifa, andikeni tarehe, saa na vifaa vilivyoharibika. Msiporidhika na majibu, ngazi inayofuata ni EWURA. Zanzibar, mnaanzia ZECO kisha ZURA. Fidia si ya uhakika, lakini asiye na kumbukumbu hana pa kuanzia.

Yote haya yanasimama juu ya risiti. Dai risiti ya EFD siku ya kununua. Sheria ya kodi inakutaka uidai, na siku ya shida ndiyo shahidi wako. Ipige picha, kwa sababu wino wake hufifia.

Nyumbani kwenyewe

Kinga haihitaji fedha nyingi. Umeme ukikatika, chomoa chaji, mashine ina betri yake. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Wakati wa radi, chomoa kabisa. Kifaa cha kulinda umeme, kama zile gadi za friji, kinasaidia, lakini ekstensheni ya kawaida yenye matundu sita hailindi chochote. Acheni mtindo wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Chai na soda zikae meza nyingine.

Na kuhusu mama wa Tabata? Fundi alitoa kipande cha kuhifadhia faili na ripoti ya utafiti ikapatikana yote. Binti akaimalizia kwenye maabara ya kompyuta ya chuo, akiwahi foleni asubuhi. Mazabodi ya mtumba itatafutwa kikoba kikivunjwa tena.

Usiku ule, baada ya machozi, mama aliikunja karatasi ya fundi akairudisha droo ileile, pamoja na risiti. Kisha akabadilisha maneno aliyoyasema siku ya kununua.

“Ikiharibika, nitafute mimi kwanza. Kabla ya fundi, kabla ya duka.”